Fundi Anajibu: Tyubu ya Televisheni Kwenye Kabati la Gemu

Barua za safari hii karibu zote zimezunguka jambo moja: tyubu ya monita ya kabati la gemu, yaani kile kioo kikubwa kinachochora picha, imechoka, mpya haitengenezwi tena, na televisheni ya chogo ipo inakaa bure. Nimezifupisha. Kama una haraka, ruka zote usome ile inayohusu umeme uliobaki ndani ya tyubu, halafu ndiyo urudi juu.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina kabati la Pac-Man lenye monita ya inchi 19. Njia za mchezo zimejichora kwenye kioo, naziona hata mashine ikiwa imezimwa, na picha nayo imefifia. Nimepata televisheni ya chogo ya inchi 20, inafanya kazi. Je, naweza kutoa tyubu yake nikaiweka kwenye kabati? Jirani yangu anasema haiwezekani, kwa sababu ile ni monita na hii ni TV.

JIBU: Marahaba. Jirani yako hajakosea sana, ila amekosea. Tyubu yenyewe haijui kama watu wanaiita monita au TV. Monita nyingi za makabati ya miaka hiyo huchora mistari ya picha kwa frikwensi ya kilohezi 15.7 hivi. Televisheni ya NTSC, mfumo wa matangazo wa Marekani, huchora kwa hezi 15,734 na ya PAL, mfumo wa nchi nyingi za Ulaya na Afrika, kwa hezi 15,625. Tofauti ni ndogo mno. Watengenezaji wa monita Wells-Gardner, Electrohome, Hantarex na wenzao waliuza chasisi (bodi ya umeme inayoendesha tyubu), fremu na tyubu vikiwa pamoja, lakini tyubu hizo zilitoka kwenye aina ileile ya viwanda vilivyolisha kampuni za televisheni. Jirani angekuwa sahihi kama gemu yako ingekuwa ya kilohezi 24 au 31. Pac-Man ya mwaka 1980 haimo humo.

Lakini umeniletea magonjwa mawili kwenye barua moja, na mimi huyatenga. Alama za njia zilizojichora hazina dawa. Fosfa, yaani ule unga wa ndani ya kioo unaong'aa ukipigwa na elektroni, umechakaa mahali palepale ambapo picha ilisimama miaka nenda miaka rudi. Hakuna kapasita (kile kipuri kinachohifadhi umeme) wala mashine ya kuamsha tyubu itakayourudisha. Kwa hilo, kubadili tyubu ni halali.

Kufifia ni jambo jingine. Washa mashine ikiwa baridi uitazame. Picha ikianza giza kisha ikapata nguvu polepole kwa dakika kadhaa, na ukiongeza mwanga sehemu nyeupe zikageuka za kifedha na kusambaa, kathodi, yaani vyanzo vya elektroni vilivyo shingoni, zimechoka. Ikiwa picha imefinyaa, kingo zinacheza au sehemu ya juu imejikunja, usimsingizie tyubu. Hizo ni kapasita zilizokauka kwenye chasisi, na ukiweka tyubu mpya juu ya chasisi mbovu utapata picha mbovu yenye mwanga zaidi. Na kama rangi moja imepotea, tuseme nyekundu, badilishana waya wa nyekundu na wa kijani pale zinapoingia kwenye chasisi. Ikiwa kiooni bado inakosekana nyekundu, ubovu uko ndani ya monita. Ikiwa sasa inakosekana kijani, ubovu unatoka kwenye bodi ya gemu au nyaya zake. Watu wamebeba televisheni nzima mgongoni kwa sababu ya waya mmoja uliochomoka.

Sasa ukubwa. Usishtuke na inchi 19 dhidi ya 20. Pima kioo mwenyewe kona kwa kona, sehemu inayoonekana tu. Tyubu inayouzwa kama ya inchi 20 mara nyingi huonyesha sentimita 48, ambazo ni inchi 19 kasoro kidogo. Marekani waliihesabu kwa sehemu inayoonekana, ndiyo maana majina yanagongana. Lebo iliyobandikwa kwenye tyubu itakusaidia: namba ikianza na A, tyubu ilitengenezwa kwa ajili ya televisheni, na M ni ya monita. Tarakimu mbili zinazofuata ni sentimita zinazoonekana. A48 inakufaa. A51 ni kubwa kidogo, na hapo itabidi uangalie kama masikio ya chuma kwenye pembe za tyubu yatakutana na matundu ya fremu yako. Lebo za Kimarekani huanza na 19V na kuishia na P22. Hizo pia ni zako.

Baada ya hapo tazama shingo. Kuna shingo za milimita 29 na za milimita 22.5, na yoki (koili za shingoni zinazoelekeza mwale wa elektroni) na soketi ya moja hazikai kwenye nyingine. Pima kwa kalipa kabla hujafungua parafujo ya pili. Kisha tazama pini za mkia wa shingo: idadi yake, na lile pengo lisilo na pini. Zikilingana na soketi ya bodi ya shingo kwenye monita yako, shukuru. Zisipolingana na shingo ni nene ileile, toa soketi kwenye bodi ya televisheni uihamishie kwako, ukifuata karatasi ya maelezo ya tyubu pini kwa pini: kathodi tatu, hita mbili, gridi ya kwanza, gridi ya pili, na fokasi. Fokasi hubeba maelfu ya volti, kwa hiyo waya wake usipite karibu na kitu chochote.

Hita, inayopasha kathodi moto, nayo ina neno. Tyubu nyingi za rangi hutaka volti 6.3, lakini hazili mkondo sawa: zenye shingo nyembamba hula kidogo, na zile nene za zamani hula takriban mara mbili yake. Hita hiyo inalishwa na flaibaki, ile transfoma ya volti kubwa kwenye chasisi, kupitia kipinga kidogo, kwa hiyo ukibadili tyubu volti nazo hubadilika. Ukipima kwa mita ya kawaida utapata uongo, kwani ule si umeme wa ukutani bali ni mapigo ya zaidi ya mara elfu kumi na tano kwa sekunde. Tumia mita inayosoma thamani halisi ya RMS na yenye uwezo wa frikwensi hiyo, au azima osiloskopu. Hita ikizidishwa, tyubu uliyohangaika nayo itazeeka upesi.

Maoni yangu binafsi, hukuyaomba: kama televisheni hiyo ina kioo bapa, mrudishie mwenyewe. Kioo bapa kinahitaji chasisi yenye mzunguko wa kunyoosha kingo za kushoto na kulia, na chasisi nyingi za zamani za inchi 19 hazina mzunguko huo kwa sababu yoki ilifanya kazi yote. Utapata kingo zilizoingia ndani na hutapata mahali pa kuzirekebisha. Halafu fremu ya mapambo ya kabati ilikatwa kufuata kioo chenye mbinuko, na penye kioo bapa itaacha upenyo.

SWALI: Fundi salaam. Nimefuata ushauri wako wa awali, nimepima yoki zote mbili zikiwa zimechomolewa. Ya monita: mlalo omu 2.1, wima omu 11. Ya televisheni ya kwanza: mlalo omu 2.4, wima omu 13. Ya televisheni ya pili: mlalo omu 6, wima omu 48. Nichukue ipi, na je, nihamishe yoki ya monita au niache ya TV?

JIBU: Wewe ungekuwa karibu ningekupa kiti na chai. Watu kumi huniuliza kuhusu tyubu na mmoja ndiye anayeniletea vipimo vya yoki, wakati kazi hii yote iko kwenye yoki. Yoki na chasisi ni kinu na mchi: kipimo cha kimoja kikikosea, hakuna kinachotwangwa.

Chukua televisheni ya kwanza, na uache yoki yake ilipo. Usilegeze skrubu yake, using'oe kabari za mpira, usiguse zile pete za sumaku nyuma yake. Kiwandani mtu aliyelipwa kwa kazi hiyo alikaa na tyubu hiyo na yoki hiyo hadi miale mitatu ikagonga rangi zake sawasawa. Ukiihamisha yoki ya monita kwenye tyubu mpya, kazi hiyo yote inakuwa yako, na kwa mara ya kwanza itakula mchana mzima na kukuachia kona moja yenye rangi zilizotengana.

Koili ya mlalo ndiyo yenye wivu. Omu ni dalili tu, kitu chenyewe ni indaktansi, yaani jinsi koili inavyopinga mabadiliko ya mkondo, na kama unaweza kuazima mita inayosoma mikrohenri, ilinganishe. Mimi hutaka tofauti isizidi asilimia kumi hivi, na zaidi ya hapo naenda kwa tahadhari. Yoki yenye indaktansi ndogo mno huvuta mkondo mwingi, picha hupanuka, transista ya mlalo huchemka, na muda wa mwale kurudi ukifupika volti za anodi, zile kubwa zinazovuta elektroni hadi kiooni, hupanda. Hilo la mwisho halionekani kwa macho na ndilo baya kuliko yote, kwa sababu volti za anodi zikipita kiwango, tyubu huanza kutoa eksirei nyingi kuliko ilivyokusudiwa. Yoki yenye indaktansi kubwa ina upole zaidi: picha hufinyaa, na mara nyingi koili ya upana kwenye chasisi inatosha kuirudisha. Usiinue volti kuu za chasisi ili kupanua picha. Narudia, kwa sababu kuna anayeisoma sentensi hii huku bisibisi iko mkononi: usiinue.

Wima ni mstahimilivu. Omu 11 na 13 hazitagombana, utazungusha tu kitufe cha urefu wa picha. Ile ya omu 48 isingekufaa hivi hivi, ila koili ya wima ina nusu mbili, na zikiwa zimeungwa kwa mfuatano unaweza kuziunga sambamba ukinzani ukashuka hadi robo, yaani omu 12. Lakini mlalo wake wa omu 6 umeshaikataa televisheni hiyo, kwa hiyo tusijisumbue.

Ukaguzi wa mwisho ni pembe ya kukengeusha mwale. Tyubu nyingi za ukubwa huu ni za nyuzi 90 na nyingine ni 100. Tyubu kubwa za inchi 25 na kuendelea mara nyingi ni nyuzi 110, fupi kwa nyuma na zinazotaka nguvu zaidi. Tyubu ya nyuzi 110 kwenye chasisi ya nyuzi 90 haitajaza kioo hata ukiiomba.

SWALI: Kaka fundi, nimesikia tyubu inaweza kuua hata ikiwa imechomolewa ukutani. Mwenzangu anasema ni hadithi za kutisha watoto, yeye anavuta tu ile kofia ya mpira ya waya mnene wa volti kubwa ulio ubavuni mwa tyubu. Nani mkweli?

JIBU: Mwenzako ana bahati, na bahati haina spea.

Tyubu yenyewe ni kapasita. Ndani imepakwa rangi nyeusi inayopitisha umeme, nje imepakwa nyingine, na kioo kiko katikati. Tyubu ya inchi 19 au 20 hufanya kazi kwa volti 20,000 hadi 25,000 hivi, na chaji hiyo inaweza kukaa muda mrefu baada ya kuzima. Kwa mtu mwenye afya, mara nyingi kinachoumiza si umeme huo wenyewe bali mkono unaoruka kwa mshtuko ukagonga shingo ya kioo, au tyubu inayodondoka. Lakini sitaki uwe wewe wa kuthibitisha neno "mara nyingi". Na mwenye kifaa cha moyo kifuani asikaribie kabisa.

Chomoa plagi ukutani. Chukua bisibisi bapa ndefu yenye mpini wa plastiki nzima isiyo na ufa. Funga waya kwenye chuma chake, na ncha ya pili ya waya ibane kwenye ule waya mtupu uliosukwa unaopita mgongoni mwa tyubu. Wengi hubana kwenye fremu wakidhani inatosha, na fremu ikiwa na kutu au rangi haitoshi. Mkono mmoja weka nyuma ya mgongo wako. Kwa mwingine, ingiza ncha ya bisibisi chini ya kofia ya mpira hadi iguse chuma. Utasikia mlio, au hutausikia. Vyovyote iwavyo, subiri dakika chache kisha rudia, kwani kioo hurudisha chaji kidogo kilichoificha. Ndipo ukunje kofia, ubane vile vikulabu viwili, utoe.

Hujamaliza. Kapasita kubwa ya umeme mkuu kwenye chasisi nayo inashika volti 150 na kitu, au zaidi ya 300 ikiwa chasisi inalishwa moja kwa moja na umeme wa volti 230. Ipime, na kama ina kitu ishushe kupitia kipinga, si kwa bisibisi tupu.

Chomoa bodi ya shingo ukiivuta nyuma kwa mstari ulionyooka, bila kuitikisa kulia na kushoto. Shingo ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote, na ikivunjika hewa inaingia na tyubu imekwisha. Vaa miwani ya kukinga na shati la mikono mirefu. Laza kioo kikitazama chini kwenye blanketi lililokunjwa. Kubeba, shika kutoka upande wa kioo, mikono miwili. Asikudanganye mtu kwamba shingo ni mpini.

SWALI: Nimeshaweka tyubu ya TV. Picha imekuja, lakini maandishi yanasomeka kinyume, na kona mbili zina mabaka ya kijani na zambarau. Pia nimebakiwa na waya mmoja uliosukwa sijui ni wa wapi.

JIBU: Zima mashine sasa hivi, tuanze na huo waya. Unazunguka mgongo wa tyubu ukiugusa ule weusi wa nje, unavutwa na springi, na lazima uunganishwe na ardhi ya bodi ya shingo. Bila huo, volti za anodi hutafuta njia yake zenyewe, na njia hiyo mara nyingi hupita ndani ya bodi yako. Uweke kabla ya jambo lolote.

Maandishi kinyume ni kitu chepesi: badilishana nyaya mbili za koili ya mlalo. Kama picha ingekuwa juu chini, ungebadilishana za wima.

Mabaka ni usumaku uliobaki kwenye bati lenye matundu ndani ya tyubu. Kama umetumia koili ya kuondoa usumaku iliyotoka kwenye televisheni, irudishe, weka ile ya kabati, kwa kuwa imelinganishwa na kifaa chake cha kuanzia kwenye chasisi na volti zake. Izungushe tyubu yote, kisha washa mashine ikiwa imepoa kabisa, maana koili hiyo hufanya kazi sekunde za mwanzo tu. Mabaka yakibaki, tafuta koili ya mkononi. Kumbuka pia kuwa Pac-Man inasimamisha tyubu wima, na tyubu iliyozoea kulala ikisimamishwa hubadili uhusiano wake na usumaku wa dunia. Ondoa usumaku ikiwa imeshafungwa mahali pake, si ikiwa mezani. Na spika isiyo na kinga ikae mbali.

Baada ya hapo ndipo urekebishe rangi. Shusha kitufe cha skrini kwenye flaibaki, washa, kipandishe taratibu hadi mistari myembamba ya mwale unaorudi ianze kuonekana, kisha kirudishe nyuma kidogo mpaka ipotee. Weka viwango vya giza vya rangi tatu hadi kijivu kiwe kijivu, halafu mwanga wa kila rangi, halafu fokasi. Mpangilio huo una sababu: kila hatua huharibu inayofuata ukiibadilisha baadaye.

SWALI: Fundi, kwa nini tusumbuke hivi? Si niweke televisheni nzima ndani ya kabati?

JIBU: Unaweza, na kwa kabati ambalo chasisi yake imeungua hadi bodi ikatoboka, mimi mwenyewe ningekushauri hivyo. Ila televisheni iwe na mlango wa RGB, yaani nyekundu, kijani na buluu kila moja kwa waya wake. Tundu la SCART, lililoanzia Ufaransa, mara nyingi linao: pini ya 15 nyekundu, 11 kijani, 7 buluu, 20 sinki (ishara ya kupanga mistari ya picha) inayoingia, na 16 inataka volti 1 hadi 3 ili televisheni ikubali kuonyesha RGB. Televisheni za soko la Marekani hazina tundu hilo.

Bodi za gemu za mfumo wa JAMMA, ule wa pini 56 uliowekwa mwaka 1985, hutoa nyekundu kwenye pini ya 12, buluu 13, ardhi ya picha 14, na upande wa pili kijani kwenye N na sinki kwenye P. Ukiziunga moja kwa moja na televisheni utapata picha nyeupe iliyowaka kupita kiasi, kwa sababu bodi inatoa volti kadhaa na televisheni inatarajia 0.7 tu. Weka potenshiometa au vipinga kwa kila rangi, na usisahau sinki, nayo ni kubwa mno.

Ninachokiogopa ni televisheni isiyo na tundu lolote la picha. Nyingi kati ya hizo zina chasisi iliyoungwa na umeme wa ukutani bila transfoma ya kutenganisha. Ukiunga ardhi ya bodi ya gemu na chasisi hiyo, mlango wa chuma wa sarafu unakuwa na umeme, na anayeugusa kwanza kwa kawaida ni mtoto. Vilevile monita nyingi za makabati zenyewe hutegemea transfoma ya kutenganisha iliyoko chini ya kabati. Ukibadili tyubu tu, transfoma hiyo ibaki. Ukiikuta imerukwa na mtu aliyekutangulia, irudishe kabla hujawasha.

Kero ndogo ya mwisho: televisheni nyingi umeme ukirudi hubaki zimelala zikisubiri rimoti. Jaribu kabla hujaifunga ndani. Chomoa, chomeka, uone kama inaamka yenyewe.

SWALI: Je, tyubu ya TV inafaa kwenye Donkey Kong? Nimeambiwa rangi zake zimegeuzwa.

JIBU: Inafaa. Nintendo waliweka monita ya Sanyo 20-EZ, na bodi ya Donkey Kong ya mwaka 1981 hutoa ishara za rangi zilizogeuzwa ambazo chasisi ya Sanyo inazigeuza tena. Mambo hayo yanaishia kwenye chasisi, tyubu hayaihusu. Ungepata shida kama ungebadili monita nzima kwa ya aina nyingine bila kuweka kigeuzi.

SWALI: Na Asteroids?

JIBU: Hapo simama. Asteroids ya mwaka 1979, na ndugu zake wa rangi Tempest ya 1981 na Star Wars ya 1983, hazichori mistari ya televisheni. Mwale unapelekwa moja kwa moja kutoka nukta hadi nukta na vikuza nguvu viwili, kimoja cha mlalo na kimoja cha wima, na yoki yake imetengenezwa kwa kazi hiyo. Yoki ya televisheni hapo itachoma vikuza nguvu. Asteroids pia ni ya nyeupe na nyeusi, kwa hiyo tyubu ya rangi haina kazi. Kwa Tempest, tyubu ya rangi inaweza kukubali ikiwa shingo na soketi zinalingana, lakini lazima uhamishe yoki ya asili na pete zake, uanze kupanga miale mitatu kutoka sifuri. Mimi kazi hiyo naipokea nikiwa sina jingine la kufanya.

SWALI: Nimemaliza, kabati linapendeza. Tyubu ya zamani niitupe wapi?

JIBU: Usiitupe kwanza. Acha mpya ifanye kazi majuma kadhaa, kwani tyubu iliyochoka ni afadhali kuliko tyubu iliyokataa. Ukishaamua, usiivunje: kioo chake kina risasi, na ndani bado hakuna hewa, kwa hiyo ikipasuka vipande hurukia ndani kisha nje. Ipelekwe kwa wanaokusanya taka za elektroniki, ikiwa imefungwa kwenye boksi kioo kikitazama chini. Kabla ya hapo toa yoki ya asili pamoja na pete zake na kabari za mpira, uandike kwa kalamu ya wino mzito imetoka kwenye chasisi gani na vile vipimo vya omu. Kuna mwenye tyubu nzuri na yoki iliyoungua anayeitafuta hiyo hiyo.